Usibonyeze hicho kitufe kabla ya kupiga hesabu ya ampea

Weka chini hiyo modi ya mekaniki, yaani kifaa cha kuvuta mvuke kisicho na kinga yoyote ya kielektroniki. Umeeleza kwamba unataka kuachana na sigara, kwamba rafiki amekuuzia modi isiyo na chipu yenye nafasi ya koili mbili (waya uliozungushwa unaochemsha kimiminika kiwe mvuke), kwamba betri za 18650 (aina ya ukubwa wa betri) umezipata kwa muuza tochi, na sasa unauliza waya gani, mizunguko mingapi na ladha gani. Ladha itasubiri, ndugu yangu.

Modi ya mekaniki ni bomba la chuma, betri na kitufe, basi. Hakuna chochote ndani yake kinachopima ukinzani wa koili, kinachozuia shoti, wala kinachokata umeme betri inapozidiwa. Kazi yote hiyo umeachiwa wewe, ambaye kwa maneno yako mwenyewe hujui omu, kipimo cha ukinzani, ni nini.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Koili yangu ilikuwa ya omu 0.3, na kwa kuwa betri iliyojaa hutoa volti 4.2, ukigawanya volti kwa omu unapata mkondo wa ampea 14, mzigo ambao betri ya kweli ya ampea 20 inaumudu. Kisha muuzaji akanishauri niongeze koili ya pili inayofanana na ile ya kwanza, eti mvuke uwe mzito na betri ipumzike kwa kuwa koili zitasaidiana. Nilimwamini, maana alizungumza kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Koili mbili zikifungwa sambamba, ukinzani hupungua nusu: omu 0.3 ikawa 0.15, na mkondo ukapanda kutoka ampea 14 hadi 28. Betri niliyouziwa na huyo huyo ilikuwa imeandikwa ujazo wa mAh 9800, ilhali seli bora za ukubwa huo huishia karibu na mAh 3500 hadi 4000, na aliyekuongopea juu ya ujazo hatakuambia ukweli juu ya ampea. Ilichemka mkononi, ikaanza kufuka moshi mkali, nikairusha kuelekea uani nayo ikatua kwenye zulia. Nyusi zimeota tena. Amana niliyoweka kwa mwenye nyumba haikurudi. Nilipomrudia muuzaji, alisema nilivuta kwa pupa.

Usidhani natia chumvi. Mei 2018 mtu mmoja alikufa St. Petersburg, Florida, kifaa chake cha mvuke kilipolipuka, na Januari 2019 kijana mwingine akafa Texas baada ya kipande cha kifaa chake kumkata mshipa wa shingo.

Kwa hiyo, kila unapofunga koili, pima ukinzani, gawanya 4.2 kwa omu ulizopata, na jibu likizidi ampea ambazo betri inaweza kutoa mfululizo kwa mujibu wa mtengenezaji wake, usibonyeze. Multimita (kipimo cha umeme cha kawaida) ya bei rahisi haitoshi, kwa sababu nyaya zake zenyewe huongeza ukinzani, na koili ya 0.15 inaweza kusomeka 0.3 ukajiona uko salama. Tumia kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya koili. Kama huna, huna ruhusa ya kubonyeza.

Afadhali zaidi, mrudishie rafiki yako modi yake, ununue kifaa chenye chipu, betri ya ndani na koili zilizofungwa kiwandani, kwa kuwa hata watengenezaji wakubwa wa seli za 18650 wametahadharisha kwamba hazikukusudiwa kuuzwa mojamoja kwa watumiaji. Na kama betri hizo bado unatembea nazo mfukoni pamoja na funguo, zitoe sasa hivi, kwa maana funguo zikigusa ncha mbili za betri shoti itapiga bila koili yoyote.

Waya, sijui, kanthali (aina ya waya wa koili) ya geji 28, yaani unene wake, ni ya kawaida. Lakini kwanza andika hapa omu ulizopima na maandishi yote yaliyo kwenye ganda la betri, tupige hesabu pamoja.