Namna ya Kuvirudia Vitabu Tulivyovipenda Utotoni

Anayetaka kukirudia kitabu alichokipenda zamani na aandike kwanza anachokikumbuka, kabla hajakifungua. Huu ndio ushauri wangu mkuu kwa wasomaji wenzangu, kwa sababu mtu akishasoma kurasa chache tu, kumbukumbu ya kale huchanganyika na mambo mapya aliyoyasoma, na hapo hawezi tena kujua ni kipi alikibeba moyoni miaka yote na ni kipi alichokiokota jana.

Mimi nilianza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, hapa hapa Tanga, ambaye kaburi lake pia liko Machui. Sisi tuliokulia Ngamiani tulimsoma kama mtu wa nyumbani. Niliyoyaandika kwa kumbukumbu yalikuwa machache: Hasidi na Mwivu wanamtendea ubaya ndugu yao Adili, wanageuzwa manyani, na kila usiku wanachapwa. Utotoni hayo yalinitosha, kwani mwovu alikuwa amelipwa ujira wake. Nilipokisoma tena ukubwani nilikwama hasa kwenye yale ambayo karatasi yangu haikuyataja, yaani kwamba Adili anachapa kwa amri ya Huria, jini aliyewageuza nduguze manyani, wala si kwa kisasi, kwamba kila pigo linamuuma yeye mwenyewe, na kwamba akimaliza huwaliwaza wale manyani na kuwalisha. Maneno hayo yalikuwamo kitabuni tangu mwanzo. Mtoto hayashiki, lakini mtu aliyekwisha kukaa kwenye kikao cha mirathi, akawaona ndugu wa tumbo moja wakigombea nyumba ya marehemu baba yao, hawezi kuyapita upesi.

Kwa hiyo usomapo mara ya pili, yatafute zaidi yale uliyoyasahau kuliko yale unayoyakumbuka, na uyawekee alama ya penseli pembeni.

Vitabu vingine, kwa maoni yangu, hunoga zaidi ukubwani. Kusadikika, cha Shaaban Robert huyo huyo, kilichotoka mwaka 1951, ni kimoja. Kijana hufurahia nchi inayoelea angani na safari za wajumbe sita, lakini hotuba ndefu za mshtakiwa Karama mbele ya mfalme humchosha. Mtu mzima huzisoma hizo hizo kwa pumzi moja, akijiuliza kwa nini kila mjumbe aliyerudi na habari za manufaa aliishia kifungoni. Hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla nazo nazipendekeza, hata kama unajua tayari mwisho wake. Ukiwa huna tena haraka ya kumjua mhalifu, unapata nafasi ya kumsikiliza mpelelezi Bwana Msa na kiko chake akizungumza na mwenzake Najum, na hapo ndipo utamu wa Kiswahili chake unapoonekana.

Kama una ndugu au rafiki aliyesoma kitabu hicho hicho enzi zile, mwombeni kila mmoja aandike lake, kisha msomeane. Dada yangu alimkumbuka Huria kwa undani, ambaye mimi sikuwa nimemwandika kabisa. Someni kwa sauti pia, hasa Shaaban Robert, kwa kuwa nathari yake ina mizani ya mshairi na jicho peke yake haliipati.

Nakala ya zamani si lazima, maana vitabu vyake vimechapishwa upya na Mkuki na Nyota na vinapatikana. Lakini aliye nayo na aitunze. Hewa ya bahari ya huku kwetu huleta kuvu na mchwa hawachelewi, basi usiegemeze vitabu ukutani, vitoe mara kwa mara uvipunge kivulini badala ya juani, na ukikuta mwandiko wako wa shuleni pembeni mwa ukurasa, usiufute.