Mnaoanza maikrobaiolojia, majina yaacheni kwanza

Kila wakija wapya ni yaleyale, mtu kashika desa tangu asubuhi anakariri Staphylococcus, Salmonella, Shigella, Serratia, halafu ukimuuliza huyo Shigella ni mdudu wa namna gani anakuangalia tu. Jamani majina yatakuja yenyewe mkianza kukaa maabara. We jua kwanza mdudu kajengwaje, maana hapo ndo inaamuliwa utamwonaje, utamwotesha kwenye nini na dawa gani itampata.

Virusi hata seli sio, ni DNA au RNA imefungwa kwenye ganda la protini, haizaliani mpaka iingie ndani ya seli iliyo hai, na kwa hadubini ya kawaida ya maabara huioni hata ukodoe macho vipi. Bakteria ni seli kamili ila haina kiini, na wengi wana ukuta. Fangasi na protozoa wana kiini kama sisi, ndo maana dawa zao nyingi zinasumbua na mgonjwa pia, adui anafanana mno na mwenyeji. Minyoo nayo utaikuta kwenye somo japo tegu wa ng'ombe anaweza kufika mita kadhaa, tunamsoma kwa sababu mayai yake tunayatafuta kwa hadubini kwenye choo. Ukishaelewa hivyo tu utajua kwa nini amoxicillin haifanyi kitu kwenye mafua, yenyewe inavuruga ujenzi wa ukuta, sasa virusi ina ukuta gani?

Kwa upande wa bakteria, pakukomaa napo ni Gram stain, ile njia ya kuwapaka rangi kuwagawa mafungu mawili, Gram positive na Gram negative. Aliianzisha Hans Christian Gram, daktari wa Denmark akiwa Berlin, akaichapisha 1884, na mpaka leo ndo inafungua njia ya kazi nyingi za maabara. Unapaka sampuli kwenye slaidi iwe nyembamba, unaiacha ikauke, unaipitisha kwenye moto haraka, unamwaga crystal violet, ile rangi ya zambarau, dakika moja hivi unasuuza, unaweka iodini, unasuuza tena. Sasa inakuja alkoholi au asetoni na hapa ndo wengi wanaharibu. Inamishe slaidi, dondosha taratibu huku unaangalia yanayochuruzika, rangi ya zambarau ikiacha kutoka suuza hapohapo kwa maji, usisubiri. Ukichelewa hata Gram positive nao wanapoteza rangi, ukiwahi mno Gram negative wanabaki zambarau, na kwa vyovyote majibu yako yanamdanganya daktari. Mwisho safranini, rangi ya pinki. Wenye ukuta mnene, ndo Gram positive, wanabaki zambarau, wenye ukuta mwembamba na utando wa nje, ndo Gram negative, wanatoka pinki. Kwa hiyo ukiandika kwenye ripoti kwamba umeona mviringo wa zambarau uliojikusanya kama kichala, daktari anaanza kuwaza Staphylococcus kabla hata kalcha, yaani sampuli tuliyootesha, haijaota.

Ila msidhani kila bakteria ataingia kwenye mafungu hayo mawili. Wa TB ana nta ukutani, Gram haimshiki vizuri, ndo tunatumia Ziehl-Neelsen, ile ya kumwaga rangi nyekundu na kupasha slaidi moto mpaka mvuke utoke, unaosha kwa asidi na alkoholi, unamalizia na methylene blue, na wao wanabaki vijiti vyekundu kwenye bluu. Mycoplasma yeye ukuta hana kabisa, kwa hiyo penisilini, inayovuruga ukuta kama amoxicillin, kwake ni kazi bure.

Na haya mafungu yenyewe yanahama. Pneumocystis, anayeleta nimonia kwa watu wenye VVU ambao kinga imeshuka, zamani alisomwa kama protozoa, 1988 vinasaba vikaonyesha ni fangasi. Sasa mwanafunzi anasikia fangasi anakimbilia fluconazole, wapi, huyu kwenye utando wake hana ile ergosterol ambayo dawa hizo zinaifuata, anatibiwa na septrin. Metronidazole nayo inaua amiba na inaua bakteria wasiopenda oksijeni, vitu viwili mbalimbali kabisa kwenye chati, ila ndani yao wote kuna kemia ileile inayoiwasha hiyo dawa. Ndo maana mimi nasema chati ya makundi ibandike ukutani sawa, ila kila mdudu muulize maswali yake.

Kingine ambacho lekcha nyingi zinapita mbio ni sampuli. Makohozi yakifika benchi yaangalie kwanza kwa macho, kama ni maji maji yana povu hayo ni mate. Kwa kalcha na Gram, weka slaidi kwenye lenzi ndogo, ukikuta seli bapa za mdomoni zimejaa na chembe nyeupe za damu ni za kuhesabu, usioteshe, utaotesha wadudu wa kinywani ambao kila mtu anao halafu mtu apewe antibayotiki za bure. Ongea na nesi mgonjwa apewe kikopo kingine, aelekezwe asukutue na maji, avute pumzi ndefu akohoe kutoka kifuani.