Nunua Bisibisi Kabla ya Mota

Boksi lilikuja na basi la usiku kutoka Dar. Nililipokea stendi ya Nanenane alfajiri, baridi ya Julai inang'ata masikio. Mama alipoliona mezani akauliza ni nini. Nikamjibu, "Kit, mama." Akalinyanyua, akalitikisa, likalia chakachaka. "Kiti gani hiki mwanangu, mbona kimevunjika?" Kit ni gari la rimoti linalokuja vipande vipande, unaliunganisha mwenyewe. Tangu siku hiyo langu linaitwa Kiti hapa nyumbani Uyole, Mbeya, na watoto wa jirani wanalijua kwa jina hilo.

Naandika kwa ajili ya wale wanaoniuliza kila wikiendi waanzie wapi na magari haya. Mimi nilianza na TT-02 ya Tamiya, kampuni ya Kijapani, chasisi iliyotoka mwaka 2013, ya kipimo cha moja kwa kumi cha gari halisi. Inavuta magurudumu yote manne, nguvu inapita kwenye propela katikati kama Land Cruiser. Mota ya brashi ya saizi ya kawaida, inaitwa 540, imo kwenye boksi. Ambacho hakimo ndicho kilichonikalisha wiki saba nikiangalia plastiki: rimoti na risiva yake ya kupokelea mawimbi, sevo ya kukatia kona, betri, chaja, na rangi ya bodi. Yote yameandikwa ubavuni mwa boksi kwa herufi ndogo. Kwa hiyo usipige hesabu ya boksi peke yake. Weka akiba ya karibu kiasi kingine kama hicho.

Betri nilimwagiza binamu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai. Akaitupia kwenye begi kubwa la mzigo, na uwanja wa ndege wakaitoa. Hawakumwonea. Betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa haziruhusiwi kwenye begi la mzigo. Zinabebwa mkononi, nguzo zimefunikwa zisigusane, na zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hazina shida. Ya volti 7.4 na ampea-saa 5 ni wati-saa 37 tu, ingepita vizuri mkononi. Mwambie ndugu yako mapema.

Sasa bisibisi. Nyumbani tulikuwa na ile ya nyota, ya kufungulia soketi na redio, nikaona inatosha. Skrubu ya tatu ikaanza kuteleza. Nikakandamiza kwa kiganja, nikasikia krrk, na msalaba wa kichwani ukawa shimo la duara, unang'aa kama sarafu mpya. Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi simu mmoja. Akaiweka chini ya lenzi yake, akacheka: "Kaka, hizi nyota siyo nyota zetu." Kumbe Wajapani wana kiwango chao, JIS. Bisibisi ya kawaida haizami hadi chini ya msalaba huo, inasimama juu na kukwangua kingo. Fundi alichonga mfereji kichwani kwa msumeno mdogo, akaitoa kwa bisibisi bapa. Tafuta bisibisi ya JIS namba 2, hata kama utaazima. Na skrubu inayoingia kwenye plastiki, kabla ya kuikaza izungushe kinyume taratibu mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake, ndipo ukaze. Ukilazimisha, inachonga njia mpya, na safari ya tatu tundu halishiki tena.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la difu, gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Zipo mbili, ya mbele na ya nyuma, zinafanana kama pacha, na kila moja ina upande wake. Mimi nilikuwa nafunga huku nasikiliza mpira. Nikamaliza, nikawasha, nikavuta kifyatulio cha rimoti. Gari likanguruma, likatetemeka, likarukaruka pale pale juu ya meza kama kuku aliyefungwa miguu. Nikalinyanyua: magurudumu ya mbele yanakwenda mbele, ya nyuma yanarudi nyuma. Difu moja nilikuwa nimeigeuza. Nilifungua karibu kila kitu nilichofunga siku mbili nzima, mpwa wangu akinihesabia skrubu kwenye kifuniko cha Blue Band. Kwa hiyo kabla hujafunika chasisi, zungusha magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja kwa mkono, tazama ya nyuma yanakwenda wapi. Ni sekunde tano.

Halafu vumbi. Watu wa mikoa ya lami hawatanielewa, ila Mbeya ya Septemba na Oktoba mnaijua. Ndani ya boksi vinakuja vibushi vya plastiki mahali pa beringi. Unavipaka grisi, vumbi linanasa kwenye grisi, vinageuka msasa na kula ekseli taratibu. TT-02 inachukua beringi 16, zote za saizi moja, milimita 11 kwa 5. Nunua zenye ngao ya mpira na uzifunge siku ya kwanza, usije ukalifungua gari mara mbili. Juu ya chasisi mimi navuta kipande cha soksi nyepesi za kike. Dada alinuna, ila kinazuia vumbi. Kila baada ya dakika kumi gusa mota; ikikuchoma kidole, pumzika.

Kwa betri ya kwanza nashauri NiMH, ya nikeli, ya volti 7.2, haina maringo. LiPo, ya lithiamu, ina nguvu zaidi ila inataka adabu: kila seli isivuke volti 4.2 ikichajiwa wala isishuke chini ya 3, na chaja iwe yake maalumu. Yangu nachajia juu ya sementi, ndani ya chungu cha zamani cha mama, nikiwa macho. Kitandani, hata siku moja.

Bodi ni plastiki angavu iitwayo polikaboneti, inapakwa rangi kwa ndani, rangi yake maalumu. Nilipaka ya geti, ikabanduka kama maganda ya kitunguu.

Wengine wananiambia wanataka ya injini ya mafuta, kwa sababu ya mlio. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini ndogo inapungua nguvu, na mchanganyiko wa mafuta lazima uurekebishe upya. Ya umeme haijali hilo.

Mota kubwa nayo niliitamani tangu wiki ya kwanza. Pesa yake ikaishia kwenye beringi, bisibisi na sevo ya pili, maana ya kwanza ilikatika meno nilipogonga tofali. Kwa ile ile 540, Jumamosi iliyopita Kiti kilimkimbiza mbuzi wa mzee jirani mpaka kwenye migomba, nikaitwa kuomba radhi.