Ovaroli au mtungi wa moto?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na kaka yangu tunaandaa Corolla ya zamani kwa mbio za vumbi. Pesa iliyobaki inatosha kitu kimoja: ovaroli ya kuzuia moto au mtungi wa kuzimia moto. Tuanze na kipi?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzeni na ovaroli, ila msishindane mpaka mtungi nao upatikane. Ndani vaeni pamba tupu. Jezi ya poliesta ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Nomeksi, kitambaa cha ovaroli za kuzuia moto, haiyeyuki. Mwaka 2020 huko Bahrain, gari la Romain Grosjean, dereva wa mbio za Formula 1, lilikatika vipande viwili na kulipuka moto. Alikaa ndani ya moto ule sekunde 28 hivi, akatoka mwenyewe, mikono ikiwa imeungua. Sekunde hizo ndizo mnazolipia.

Lakini kabla ya dukani, fungueni boneti. Magari mengi yanayofika gereji kwangu hapa Igoma yana mpira wa petroli uliokauka: ukiukunja tu, nyufa nyembamba zinafunguka, klipu nayo imelegea, na injini ya moto iko hapo hapo. Badilisheni mipira yote. Tafadhali sana.

Mtungi ukipatikana, ufungeni kwa bano la chuma, mkono wa dereva uufikie akiwa kwenye mkanda.

Halafu kila jioni fanyeni zoezi: kofia kichwani, mkanda umefungwa, macho yamefumbwa, toka. Kwanza mlango wa dereva, kisha wa abiria, maana gari linaweza kulalia upande wako.