Brashi ya Kunyolea: Povu Unalipiga Wapi?

Nataka brashi yangu ya kwanza ya ndevu. Muuzaji anasema ya manyoya ya baja (“badger” kwa Kiingereza) ndiyo bora kuliko zote. Ninunue? (Msomaji, Arusha)

Usitoe pesa bado, ndugu yangu. Kwanza jiulize povu unalipiga wapi: bakulini au moja kwa moja mashavuni? Wa bakulini inamfaa brashi laini yenye manyoya marefu kidogo, inayobeba maji mengi na kuzunguka bila kugoma. Wa mashavuni anataka manyoya mafupi, yaliyosongamana, yanayorudi haraka ukiyabonyeza. Yakiwa marefu na malegevu, brashi inalala tu usoni na povu halijengeki. Kwa uso, kipenyo cha milimita 22 hadi 24 pale manyoya yanapoingia mpinini kinatosha. Kikubwa zaidi kitakupaka sabuni hadi masikioni.

Baja ni mnyama wa Ulaya na Asia, na manyoya yake hushika maji vizuri sana. Lakini yana madaraja: ya bei ya chini huchoma ngozi, ya bei ya juu yenye ncha nyeupe ni laini mno, na huchelewa kukwangua sabuni ngumu ya kipande. Kama unatumia sabuni hiyo, manyoya ya nguruwe yanaikwangua vizuri zaidi, na kwa bei nafuu. Yaloweke dakika mbili tatu kabla ya kunyoa, na uyavumilie wiki kadhaa. Ncha hupasuka polepole, ndipo yanapolainika.

Sisi Waislamu hatutaki nguruwe usoni. Nitaitambuaje brashi yake? (Msomaji, Mombasa)

Soma kibandiko: “boar” ni nguruwe, na “bristle” mara nyingi ni huyo huyo. Kibandiko kikiwa kimya, iache. Kuchoma unywele mmoja kutakuonyesha kama ni plastiki, kwa kuwa plastiki huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Lakini wa nguruwe, wa farasi na wa baja wote hutoa harufu ile ile ya nywele kuungua. Chukua ya nyuzi za plastiki, roho itulie. Za siku hizi ni laini kweli, haziloweshwi kwa muda, hukauka upesi, na povu huliachia lote usoni. Kwa joto na unyevu wa Pwani, mimi ningeichagua hata bila sababu ya dini.

Povu langu linakufa kabla sijamaliza shavu la pili. Brashi mbovu? (Msomaji, Dodoma)

Pengine ni maji. Maji ya kisima yenye chokaa hugeuza sabuni kuwa utando. Jaribu maji ya mvua kwa brashi hiyo hiyo. Likisimama, umempata mchawi. Lisiposimama, zungusha brashi kwenye sabuni kwa nusu dakika nzima, kisha ongeza maji tone kwa tone.

Nina vipele vya ndevu. Brashi ngumu itavikomesha? (Msomaji, Kampala)

Hapana, itavichokoza. Shika laini, paka kama anayepaka rangi ukuta, juu na chini, bila kusugua kwa kuzungusha. Na kwa kinyozi, tafadhali sana, usikubali brashi iliyotoka kwenye kidevu cha mwingine. Nenda na yako. Ukirudi nyumbani isuuze, ikung’ute, uiache penye hewa. Usiifungie kwenye mfuko ikiwa mbichi, itaota ukungu.