Moyo Unapoenda Mbio Kabla ya Mbizi

*Shikamoo mwalimu. Najifunza kupiga mbizi kwenye bwawa la hoteli hapa mjini. Nikikaribia kuzama, moyo unaniruka. Nifanyeje? (Kijana, Nkuhungu)*

Marahaba mwanangu. Moyo hauamrishwi, ila huifuata pumzi: ukivuta hewa unaongeza kasi kidogo, ukiitoa unapunguza. Basi refusha kutoa. Shika ukingo wa bwawa kwa dakika mbili au tatu, vuta kwa tumbo ukihesabu hadi nne, toa polepole hadi nane. Legeza taya na mabega. Mabega wengi huyasahau. Usije umetoka kunywa kahawa wala kushiba ugali. Mapigo yakikataa kushuka, siku hiyo ogelea tu.

*Rafiki yangu huhema harakaharaka mara 20 kabla ya kuzama, anasema anajaza oksijeni. Kweli anakaa chini kunizidi. (Msomaji, Kisasa)*

Mzuie leo, tafadhali. Damu ya mtu mzima wa afya aliyetulia tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba. Kuhema mbio hakuiongezi kwa kiasi cha maana. Kunachofanya ni kuitoa hewa ukaa. Na hewa ukaa ndiyo hasa inayotuletea ile hamu kali ya kupumua. Ikipungua mno, ubongo hauonywi mapema, oksijeni inazidi kutumika, na mtu anazimia bila kuhisi dhiki yoyote. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo katika maji yasiyofika kifuani, ndiyo maana nalirudia jambo hili kila ninapofundisha.

Baharini kuna hatari nyingine wakati wa kupanda. Kwenye kina cha mita 10 kanieneo, yaani mgandamizo unaoubana mwili, ni mara mbili ya ile ya juu. Unapokaribia kuibuka inashuka, na oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni haiingii tena kwenye damu vya kutosha. Wengi huzimia pale pale karibu na uso wa maji, au wakishaibuka. Kwa hiyo msizame wawili kwa pamoja: mmoja chini, mmoja anatazama, na aendelee kumtazama mwenzake nusu dakika baada ya kutoka. Tena kuhema mbio kunaongeza mapigo, ambayo ndiyo tunayotaka yashuke.

*Mwalimu, sina bwawa. Naweza kujizoeza nyumbani? (Mama, Ipagala)*

Unaweza mama, kwa beseni. Mwezi wa sita na wa saba hapa Dodoma, maji ya alfajiri kutoka tangi la nje yana baridi ya kutosha. Kaa kwenye kiti, mtu mzima awe karibu akikushika mkono kuhesabu mapigo. Vuta pumzi ya kawaida, zamisha uso hadi paji kwa sekunde 20. Neva za uso zikihisi baridi, ubongo hupunguza mwendo wa moyo na kubana mishipa ya mikono na miguu, damu ibaki kwa ajili ya moyo na ubongo wenyewe. Sili, wale wanyama wa baharini wapiga mbizi, wanalo jambo hili kwa nguvu sana. Kwetu mapigo hushuka kama asilimia 10 hadi 25, yaani 72 yanaweza kufika 60. Maji ya uvuguvugu hayafanyi kazi vizuri.

Mwenye ugonjwa wa moyo au selimundu asijaribu. Kwa selimundu, oksijeni ikipungua ndipo chembe nyekundu zinapojikunja.

*Tumepanga kwenda kujaribia Bwawa la Mtera. (Wanachuo wawili)*

Hapana wanangu. Mtera kuna mamba na viboko. Likizo ikifika pandeni treni ya SGR mwende Dar, mtafute mwalimu mwenye boti.