Bombomu la Houston, na barua nyingine za mwezi huu

Barua zimekuja nyingi mwezi huu ila moja imenikalisha siku mbili nzima, kwahiyo naanza na hiyo, zingine zitagawana nafasi itakayobaki, msininunie.

*Shikamoo Babu Kale. Mimi niko Tabata Segerea, nina duka la vifaa vya umeme. Shemeji yangu aliyemuoa dada yuko Houston mwaka wa 12 sasa na ni raia wa kule. Kapata bunduki ya rashasha aina ya Thompson, anasema ni ya 1921, muuzaji ni mzee mmoja na anadai polisi wa Chicago waliikamata kwa watu wa Al Capone. Bei dola 38,000. Shemeji anataka tuchange, mimi niweke kama mil 25, tukae nayo miaka mitano tuuze tugawane. Kanitumia picha wasap na karatasi moja ya zamani ya polisi. Babu, hivi kweli Marekani mtu wa kawaida anauziwa bombomu? Na nitajuaje kama ni orijino?*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikupe pole, maana nimeisoma hii nikajiona mimi mwenyewe miaka ile, nitakueleza huko mbele.

Ndiyo, kule mtu binafsi anaweza kumiliki, ila sio kama anavyonunua mkate. Huku kwetu raia hapewi leseni ya bombomu, hata usijisumbue kuuliza. Kule walitunga sheria 1934, enzi hizo za kina Capone, yule jambazi wa Chicago, wakasema kila bombomu liandikwe serikalini na kila likibadili mikono ilipwe kodi ya dola 200. Siku hizo dola 200 ilikuwa karibu na bei ya Thompson yenyewe, mpaka leo kodi ni hiyohiyo. Halafu 1968 wakatoa msamaha wa mwezi mmoja, kuanzia Novemba 2 mpaka Desemba 1, kwamba mwenye bombomu lisiloandikwa alilete aliandikishe asiulizwe kitu, mlango ukafungwa. Ikaja tarehe 19 Mei 1986, wakasema bombomu lolote litakalotengenezwa kuanzia hapo raia halipati kabisa. Unaona sasa? Yale yaliyokuwa yameandikwa kabla ya siku hiyo ndio hayohayo tu, hayaongezeki, yanakadiriwa kama 175,000 nchi nzima, na watu wenye hela ni wengi. Ndio maana chuma cha zamani kinafika dola 38,000.

Sasa hapa ndio unisikilize vizuri. We una gari? Basi unajua ukiletewa Noah nzuri rangi inameremeta injini kimya kama paka lakini kadi hakuna, hiyo sio Noah, hiyo ni kesi. Bombomu la kule ni hivyohivyo na zaidi, maana gari lisilo na kadi unaweza kuhangaika TRA ukatoka nalo, lile lisiloandikwa haliandikiki tena milele. Mtu akikutwa nalo ni jela mpaka miaka 10 na faini mpaka dola 250,000. Hela yenu nyingi hainunui chuma, inanunua kule kuandikwa.

Kwahiyo kabla ya kuzoom picha za mtutu muulize shemeji swali moja tu, iko wapi fomu ya serikali yenye stempu ambayo yule mzee aliipata siku bunduki ilipoingia kwenye jina lake? Mara nyingi itakuwa Fomu namba 4. Hiyo karatasi ya polisi uliyonitumia nimeiangalia, inaonekana ni ya stoo tu, imeandika bunduki moja, namba, na saini ambayo haisomeki. Haina stempu ya kodi. Sasa inawezekana fomu ipo ndani kwa mzee na hakuona haja ya kuipiga picha, sitaki kumchafua mtu nisiyemjua, ila mpaka uione hiyo fomu usitoe hata shilingi ya nauli. Na usidhani shemeji atapiga simu ATF, ofisi ya serikali ya kule inayosimamia bunduki, aulize kama namba fulani imeandikwa, hawamwambii, kumbukumbu zile zinahesabika kama mambo ya kodi ya mtu, ni siri, anayeweza kuonyesha ni mwenye mali mwenyewe.

Na kuna mtego kwenye hayo maneno ya "ilikuwa ya polisi". Zipo za polisi za aina mbili. Kuna Thompson ambazo idara za polisi zilinunua mpya kihalali miaka ya 20 na 30, zikaandikwa kama kawaida, zikaja kuuzwa kwa raia, hizo safi. Halafu kuna ambazo polisi walizikamata au waliziokota wakaziandikisha kwa Fomu namba 10. Hizo haziendi kwa raia, zinahama kutoka ofisi ya serikali kwenda ofisi ya serikali basi. Umeona utamu wa hadithi ya huyo mzee unapogeuka shubiri? Kama kweli polisi waliikamata kwa watu wa Capone, basi ndio kuna hatari kubwa zaidi kwamba iliandikwa kwa Fomu 10 na haiuziki. Yeye anaisimulia kuipandishia bei kumbe anajichongea.

Tuje kwenye chuma. Thompson za mwanzo zilitengenezwa na kiwanda cha Colt pale Hartford, Connecticut, 1921 mpaka 1922, bunduki 15,000 tu, kwahiyo namba zake hazizidi 15,040 hivi kwasababu zilianzia 41. Ukiona namba ya tarakimu sita kwenye kitu kinachoitwa cha 1921 funga simu. Picha zako zimekata namba, sijui kwa bahati mbaya au makusudi. Omba picha mbili za karibu, moja ya boma la juu, lile pande la chuma ambalo sheria ndio inaliita bunduki, nyingine ya fremu ya chini yenye kifyatulio, namba zinatakiwa zifanane. Zikitofautiana bado inaweza kuwa halali, kinachohesabika ni la juu, ila bei inashuka sana. Angalia pia maneno yaliyochongwa ubavuni, jina la Colt na Hartford lazima lionekane. Kama limeandikwa West Hurley, New York, hiyo ni ya kuanzia miaka ya 70, inafanana machoni mpaka unachanganyikiwa lakini wakusanyaji wanaiweka chini kabisa. Na ukiona 8 imegongwa juu ya 1 ya mwisho ikasomeka 1928 usishtuke, hilo sio la mwizi, kiwanda chenyewe kilifanya hivyo kwa bunduki zilizobaki bila mnunuzi, ya Jeshi la Majini la Marekani inatambulika hivyohivyo.

Kingine ni rangi. Picha ya tatu chuma kinang'aa bluu kama kisu kipya na ncha za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika. Rangi mpya na herufi zilizolika havikai pamoja, maana yake kuna mtu aliisugua akaipaka upya. Mkusanyaji wa kweli afadhali apewe iliyochakaa kwa mikono ya watu kuliko iliyopigwa msasa.

Haya Capone. Watu wote wenye Thompson kuukuu wanamjua Capone, ni kama kila mlango wa nakshi unaouzwa hapa mjini ulitoka kwenye jumba la Sultani. Ila angalia bunduki yenye historia ya kweli inavyokuwa. Mauaji ya Chicago ya siku ya Valentine, 14 Februari 1929, watu saba wakapigwa risasi ukutani kwenye gereji. Mwishoni mwa mwaka uleule polisi wakakuta Thompson mbili kwenye nyumba ya Fred Burke kule Michigan, mtaalamu wa risasi Calvin Goddard akazijaribu akalinganisha na risasi za kwenye miili, zikakubali. Namba zake zinajulikana, 2347 na 7580, ile ya kwanza inajulikana mpaka ilivyouzwa 1924 kwa naibu sherifu wa Marion, Illinois, na zote mbili ziko mikononi mwa sherifu wa Berrien, Michigan, mpaka leo. Namba, tarehe, jina, mkono kwa mkono bila pengo. Mzee wa Houston ana nini? Ana mdomo.

Nami nilishapigwa na mdomo, ndio ile niliyokuahidi. Jamaa mmoja mitaa ya Mnazi Mmoja aliniletea sarafu ya Tabora, ile ya rupia 15 ya dhahabu ya 1916 yenye tembo na mlima nyuma yake, Wajerumani waliigonga Tabora vita ilipowabana. Akanipa stori ya bibi yake, jinsi alivyoifunga kwenye pindo la kanga miaka yote, mpaka machozi yalinilenga, nikatoa laki tatu na nusu. Kesho yake nikaenda kwa sonara Kariakoo akaiweka kwenye mizani. Ya kweli ina gramu 7 na ushee. Yangu ikasoma 5.3. Sonara hakusema kitu, aliizungusha kwa kidole pale kwenye kioo ikalia kama sufuria. Kilichoniuma sio hela, ni kwamba mizani ilikuwepo jana yake pia.

La mwisho kwako ni hiyo mil 25. Fomu ikitoka itakuwa na jina la shemeji, alama zake za vidole na picha yake, we humo. Kesho kutwa wakikosana na dada yako, au Mungu apishe mbali akifa, we ni mtu uliyemkopesha hela tu na huna hata karatasi. Kama moyo umeshapenda basi andikishaneni deni kwa wakili kabla hela haijatoka, na bunduki yeye asiichukue mpaka serikali ya kule imeidhinisha, sio anailipia inalala kwake huku anasubiri majibu.

*Babu, mimi ni mpenzi wa magemu, niko Sinza. Kwenye picha ya MP40 ya kweli nimeona "bnz 43". Nini hiyo?*

MP40 ni bombomu dogo la Wajerumani la vita vya pili, na wao walificha majina ya viwanda kwa herufi. Bnz ni Steyr ya Austria, ayf ni Erma, fxo ni Haenel, na 43 ni mwaka. Ila Marekani kuna MP40 ambazo boma lake ni bomba jipya lililochongwa kulekule kabla ya 1986 likavalishwa viungo vya Kijerumani, ni halali lakini bei yake haifiki ile ya iliyotoka vitani. Usisome herufi tu, angalia na ziligongwa kwenye chuma gani.

*Hivi ile bunduki ya Sanamu la Askari pale posta ni ya kweli?*

Hapana bwana, ni shaba nyeusi yote, askari na bunduki na singe, imesimama tangu 1927. Kabla yake lilikuwepo sanamu la Wissmann, gavana wa Kijerumani, hapohapo.

*Shikamoo babu. Naandika toka Mbagala, kwetu ni Rufiji. Tukichimba msingi wa choo nyumbani tumepata bomba nene la chuma lenye maandishi, na risasi kama 30 zimeota kutu. Kuna mtu kasema ni bombomu la vita vya Mjerumani, anatoa laki nane tusimwambie mtu. Tufanyeje?*

Marahaba. Kwanza watoto watoke hapo na hizo risasi msizisugue wala kuzigonga, kuota kutu sio kufa. Muiteni mwenyekiti wa kijiji na polisi waje wazione zilipo. Huyo wa "tusimwambie mtu" mwambieni bado mnafikiria.

Bomba nene kwa maelezo yako inaweza kuwa jaketi la maji la Maxim, bombomu la zamani, lile linalozunguka mtutu usiungue, linabeba kama lita 4. Kwenu huko ndiko meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilikozama Julai 1915 na mizinga yake ikatolewa ikaburuzwa nchi kavu, mmoja uko Fort Jesus Mombasa, kwahiyo chuma cha vita Rufiji sio ajabu. Pigeni picha maandishi bila kukwangua. Likiwa na jina la Berlin ni la Mjerumani. Kukiwa na alama ya mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza, ingawa hapo napo taratibu, maana Tanga Novemba 1914 Wajerumani waliwanyang'anya Waingereza bunduki wakazitumia wenyewe. Andikeni pia mlikolipata, kina cha shimo, siku, na nani alikuwepo. Polisi wakisharidhika pelekeni habari Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, na wakilichukua msiondoke bila karatasi ya mapokezi yenye namba, tarehe na jina la mwenye kiwanja.